Ufunguo wa Mwizi

Kama ulikuwa Goma mwezi wa saba wa mwaka 2019, hutasahau Jumapili ile ya tarehe 14. Habari ilikimbia kuliko pikipiki: Ebola imeingia mjini. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchungaji. Alikuwa amehudumu Butembo, akawawekea wagonjwa mikono, kisha akapanda basi kuja Goma naye mwenyewe ameanza kuona homa. Muda si mrefu baadaye alifariki.

Siku zile watu walisema maneno mengi. Wengine walisema ni uchawi, mtu ametupiwa. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa, maana pesa zilikuwa zinakuja na magari mapya yalikuwa yanapita. Wengine walisema ni siasa, na hao walikuwa na sababu ya kuudhika: katika uchaguzi wa Desemba 2018 watu wa Beni na Butembo walizuiwa kupiga kura pamoja na wenzao, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Mtu aliyenyimwa kura kwa ajili ya ugonjwa atawezaje kuuamini ugonjwa huo?

Siwacheki. Lakini nadhani sisi watu wa hospitali tulikosa jambo moja kubwa. Tuliamuru sana, tukaeleza kidogo. Tulisema: nawa mikono, usiguse maiti, leta mgonjwa upesi, pokea chanjo. Hatukusema kwa nini. Na mtu mzima aliyelea watoto na kuzika wazazi hapendi kuamriwa kama mtoto. Leo nataka kukueleza kwa nini, nawe upime mwenyewe kama maneno haya yana akili. Sitaanza na Ebola. Nitaanza na yai.

Vunja yai katika sahani. Ute wake ni maji maji, unaona mpaka chini. Sasa utie katika sufuria ya moto. Mara unakuwa mweupe, unashikana. Hukuongeza kitu, hukupunguza kitu. Kilichobadilika ni umbo tu. Ute ule umejaa protini, na kila protini ni kama uzi wa ushanga uliojikunja. Punje za ushanga huo huitwa asidi amino, nazo ni za namna 20. Moto unapokunjua nyuzi, zinanaswa zenyewe kwa zenyewe, nawe huwezi kurudisha yai lililopikwa kuwa bichi.

Watu wengi hudhani kwamba protini ni chakula tu: maharagi, sambaza wa ziwani, maziwa, nyama kwa mwenye nazo. Ni kweli, lakini tunakula protini ili mwili uzibomoe, upate punje zake, uzitunge upya kwa kazi zake wenyewe. Ndani ya kila seli, yaani chembe ndogo ya uhai ambayo jicho halioni, kuna protini za namna maelfu. Moja hubeba pumzi katika damu. Nyingine hukata. Nyingine hulinda mlango. Nyingine hupeleka habari. Nazo hazina macho wala masikio. Protini moja huijua nyingine kwa kuigusa tu. Kama umbo la hii linaingia katika umbo la ile, zinashikana na kazi inatendeka. Kama haliingii, zinapitana kama watu wasiojuana katika soko la Virunga. Karibu mambo yote ambayo seli inafanya, kula, kukua, kugawanyika, kupigana, hata kufa, yanaongozwa na kuingiana huko kwa maumbo.

Sasa tunaweza kusema juu ya Ebola.

Virusi vya Ebola ni kitu kidogo mno, chenye jeni 7 tu, hali mtu ana kama 20,000. Peke yake hakiwezi kula wala kuzaa. Ni kama mwizi asiye na shamba: lazima aingie nyumbani mwa mtu. Amevaa koti la mafuta, na juu ya koti hilo zimesimama protini za namna moja zilizochongoka. Hizo ndizo funguo zake.

Lakini tazama ujanja wake. Meno ya ufunguo ule yamefunikwa kwa kofia, hata askari wa mwili hawayaoni vizuri. Seli inavimeza virusi katika mfuko mdogo, kama inavyomeza vitu vingine vingi kila saa. Ndani ya mfuko kuna protini za kukata, kazi yao ni kukatakata chakula. Protini hizo zetu wenyewe ndizo zinazoikata kofia ile. Meno yanatokea. Tena katika ukuta wa mfuko kuna protini yetu nyingine, wataalamu wanaiita NPC1, ambayo kazi yake halali ni kutoa mafuta fulani mfukoni ili seli iyatumie. Meno ya Ebola yanaingia katika protini hiyo barabara, kama ufunguo katika kufuli. Ukuta wa mwizi na ukuta wa mfuko vinaungana, na mwizi yumo ndani ya nyumba. Jambo hili la NPC1 lilijulikana mwaka 2011, miaka 35 baada ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa kule Yambuku mwaka 1976.

Labda utauliza: kwa nini tusiitoe kufuli hiyo? Haiwezekani. Mtoto akizaliwa nayo mbovu, mafuta yanajaa ndani ya seli zake, na ubongo wake unaharibika. Hatuwezi kuishi bila kufuli ile.

Niseme jambo moja la kando, maana lilinistaajabisha. Yuko popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, anayelala mitini kwa maelfu katika nchi zetu. Wataalamu walijaribu virusi hivi vya Ebola katika seli zake, na mwizi akashindwa kuingia kwa urahisi. Walipochungulia waliona kwamba NPC1 ya popo huyo imebadilika kwa punje moja ya ushanga mahali pale meno yanapoingia. Punje moja! Waliichapisha habari hiyo mwaka 2015. (Usilichukue neno hili kuwa ruhusa ya kuokota popo. Popo wako wa jamii nyingi, nao hubeba mengi.)

Turudi nyumbani kwa mtu. Seli ikivamiwa hupiga kelele. Hutoa protini ya kuwaonya majirani. Jirani akisikia, ndani yake mjumbe hutumwa aende mpaka katikati ya seli, kwenye kiini, akaseme: fungeni milango, tengenezeni silaha. Mjumbe huyo haendi kwa miguu. Hubebwa na protini nyingine, kama mzigo juu ya chukudu. Basi Ebola ina protini moja iitwayo VP24, nayo imeumbwa ikae mahali pale pale ambapo mjumbe angekaa. Chukudu kinapita, kimekwisha kupakiwa. Mjumbe anabaki njiani na barua yake mkononi, na jirani halindwi.

Ndiyo sababu mtu wa Ebola siku za kwanza anaonekana kama mtu wa malaria. Homa, kichwa, viungo kuuma, uchovu. Anasema, nitameza vidonge, kesho nitakuwa mzima. Wakati huo mwizi anazaana kimya kimya, tena seli anazopenda kuanza nazo ni zile zile za ulinzi. Askari wa mlangoni ndio wanaokamatwa kwanza.

Na dawa je? Kwa miaka mingi tulisema Ebola haina dawa, tukaandika hivyo katika matangazo, na watu wakatusikia vizuri kuliko tulivyotaka. Maana kama haina dawa, kwa nini nimpeleke mama yangu kati ya watu waliojifunika uso, afe pasipo kushikwa mkono? Afadhali afe nyumbani. Fikira hiyo haikuwa ya ujinga. Ilikuwa jibu la haki kwa tangazo letu baya.

Leo neno hilo si kweli tena, nami nataka ujue dawa ilitoka wapi. Mwaka 1995 Ebola ilishika mji wa Kikwit, magharibi ya nchi yetu. Watu zaidi ya 300 waliugua, na katika kila watano wanne hivi walikufa. Waganga wa Kikongo wakafanya jambo ambalo wengi walilitilia shaka: walichukua damu ya waliopona wakawatilia wagonjwa 8. Wagonjwa 7 walipona. Nane ni wachache, huwezi kujenga hoja yote juu ya watu wanane, lakini jambo hilo halikusahauliwa. Miaka 11 baadaye wataalamu walimwendea mmoja wa waliopona Kikwit, wakachukua damu yake tena, wakakuta bado ina kumbukumbu ya vita.

Kumbukumbu hiyo nayo ni protini. Tunaiita kingamwili. Umbo lake ni kama panda ya manati: mkono mmoja wa kushikia na ncha mbili juu. Ncha hizo ndizo zinazoshika adui. Mwili hutunga panda za namna nyingi sana, na ile inayomfaa adui aliyekuja huzidishwa. Katika damu ya mtu yule wa Kikwit walipata panda moja ambayo hukaa juu ya meno yenyewe ya ufunguo wa Ebola. Hata virusi vikimezwa na seli, hata kofia ikikatwa, panda haibanduki. Inaingia mfukoni pamoja na mwizi, imeng'ang'ania meno. Ufunguo unafika kwenye kufuli ya NPC1, nao hauingii. Dawa iliyofanywa kwa panda hiyo iliitwa mAb114.

Basi wale wanaosema kwamba dawa ya Ebola ni kitu cha wageni kilicholetwa kutujaribia, waambie hivi: ni kweli ilitengenezwa katika viwanda vya ng'ambo, lakini mbegu yake ni damu ya Mkongo aliyepona Kikwit, na mganga aliyeipigania miaka mingi ni Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, ambaye mwaka 1976 alikuwa Yambuku.

Tena ilipimwa hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini, kuanzia Novemba 2018: katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa 4 zililinganishwa katika wagonjwa 681. Mwezi wa nane mwaka 2019 kazi ilisimamishwa mapema, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimekwisha kuonekana bora: mAb114 na nyingine iliyochanganya kingamwili tatu. Katika wale waliopewa mojawapo ya hizo mbili, kama theluthi moja walikufa. Katika zile nyingine mbili walikufa nusu hivi.

Theluthi moja bado ni wengi, sikufichi. Lakini ngoja, maana hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Wagonjwa wale hawakuwa sawa. Wako waliofika virusi vikiwa bado vichache katika damu. Kati ya hao, waliopata dawa hizi mbili walikufa kama mmoja katika kumi. Wako waliofika virusi vimejaa. Kati yao walikufa zaidi ya sita katika kumi, kwa dawa ile ile, mikononi mwa wauguzi wale wale.

Kwa nini? Hesabu ni ya maumbo. Panda moja hushika ufunguo mmoja au miwili, si zaidi. Kama mwizi ni mia, panda zinatosha. Kama ni mamilioni kwa mamilioni, na wengi wamekwisha kuingia nyumbani, panda iliyobaki nje itafanya nini? Haivunji mlango kumtoa. Kazi yake ni kuzuia ufunguo, na ufunguo uliokwisha kuzungushwa hauzuiliki. Wagonjwa wa kazi ile walikuwa wamekaa na homa siku tano hivi, kwa wastani, kabla ya kufika. Ndugu, siku tano! Na kila siku iliyoongezeka iliongeza hatari.

Kwa hiyo hatukuhimizi kufika upesi kwa kuwa tunapenda kutiiwa, wala kwa kuwa tunataka kujaza vitanda. Dawa hii, kwa jinsi ilivyo, haina nguvu ya kurudi nyuma.

Goma tuliona pande zote mbili za jambo hili. Mwisho wa Julai 2019 mtu mmoja mchimba dhahabu, aliyetoka Ituri, aliletwa katika kituo amezidiwa baada ya siku nyingi nyumbani. Alifariki. Mkewe na mtoto wao mdogo nao walikuwa wameshikwa, lakini wao waligunduliwa upesi, kwa kuwa watu wa nyumba ile walikuwa wanafuatwa na kupimwa. Walipewa dawa. Kabla ya nusu ya mwezi wa nane mama yule alitoka kituoni amempakata mtoto wake, wazima wote wawili.

Juu ya chanjo nitasema kifupi. Watu waliniuliza: si mnatutia Ebola yenyewe? Sivyo. Walichukua virusi vya namna nyingine, vinavyowapa ng'ombe na farasi vidonda vya mdomo kule Marekani, wakavitoa ufunguo wake, wakavipa ufunguo wa Ebola badala yake. Katika zile jeni 7 za Ebola imo moja tu. Ni kama kuwaonyesha askari ufunguo wa mwizi, wakaushika na kuupima, mwizi mwenyewe asiwepo. Homa ya siku moja mbili na viungo kuuma ni dalili ya askari wakifanya mazoezi. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule. Lakini ujue na mpaka wake: chanjo na dawa hizi zilifanywa kwa ufunguo wa Ebola ya jamii ya Zaire, ndiyo iliyotupiga sisi. Ebola ya Isiro ya mwaka 2012 ilikuwa ya jamii ya Bundibugyo, na meno yake yametofautiana kiasi cha kutosha kukuharibia hesabu. Ndiyo sababu kila mlipuko maabara husema kwanza ni jamii gani, na hilo si kupoteza wakati.

Na sabuni? Koti la mwizi ni la mafuta. Sabuni huyeyusha mafuta. Koti likitoka, funguo zinaanguka ovyo. Maji ya javeli hufanya kama moto kwa yai: huharibu umbo la protini, na protini isiyo na umbo lake haifungui kitu. Unaponawa penye ndoo kabla ya kuvuka kwenda Gisenyi, hicho ndicho unachofanya.

Maiti nayo ni jambo zito, maana sisi tunapenda kuwaosha wafu wetu, na ni heshima. Mtu akifa kwa Ebola, yeye amenyamaza lakini funguo hazijanyamaza. Siku ya kufa ndipo virusi huwa vimejaa kuliko siku zote, hata katika jasho la ngozi. Naona mila ya kuaga si lazima ife. Katika vijiji vingine jamaa walisimama kwa mbali, wakaimba, wakaona uso, wakachagua mmoja wa ukoo avae nguo za kinga pamoja na wazikaji. Hao walizika kwa amani. Mahali walipokuja wazikaji na askari wenye bunduki, palitupwa mawe, na sishangai.

Mlipuko ule uliisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Nami nitatoa lawama moja kabla sijaweka kalamu. Katika miaka hiyo hiyo surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo, na hapakuwa na magari mapya mengi kwa ajili yao. Mama wa Goma aliyeona hayo akasema, kumbe mnajali tu ugonjwa unaoweza kupanda ndege, alisema kitu ambacho bado sijapata jibu lake. Surua nayo ina funguo zake, na chanjo yake ni ya zamani, na ipo. Mlete mtoto.

Neno la mwisho ni juu ya waliopona, kwa sababu naona bado kuna watu wanaohama benchi wakikaa karibu nao. Katika Beni na Butembo wakati wa mlipuko, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa waliwekwa katika nyumba ndogo karibu na kituo, na walezi waliochaguliwa walikuwa wanawake na wanaume waliopona. Waliwabeba, waliwalisha, waliwabembeleza usiku, kazi ambayo mwingine yeyote angeiogopa. Virusi vinaweza kujificha kwa miezi katika jicho au katika mbegu za mwanamume, kwa hiyo mwanamume aliyepona apimwe mpaka aambiwe yu safi, na nyumbani wafuate shauri la mganga. Lakini kumpa mkono, kula naye sahani moja, kukaa naye benchi moja, hakuna hatari. Kama yuko mmoja katika mtaa wako, huko Birere au Katindo au Ndosho, mkaribishe.